Twende Mstari wa Juu

Katika duka letu la miwani kuna neno moja ambalo mteja halisikii kamwe, nalo ni "umekosea". Mume wangu alilipiga marufuku tangu tulipokuwa na meza moja tu na kiti cha kukunja kwenye baraza la posta. Alisema mtu akiambiwa amekosea kusoma herufi, papo hapo anaacha kupimwa macho na kuanza kufanya mtihani. Anakunja uso, anabahatisha, anang'ang'ania, na mwisho anaondoka na miwani isiyomfaa. Kwa hiyo mteja akisoma sawasawa tunamwambia, "Sawa." Akikosea tunamwambia kwa sauti ileile, "Twende mstari wa juu," yaani kwenye herufi kubwa zaidi. Yeye anadhani ndio utaratibu. Sisi tunajua kwamba macho yake yamefika mwisho wa safari.

Msemo huo haukukaa dukani. Binti yetu alipoleta nyumbani matokeo mabaya ya hesabu, baba yake aliyatazama, akamrudishia karatasi na kumwambia, "Twende mstari wa juu." Mimi nikizidisha chumvi, yeye huonja, hunywa maji, husema hayohayo. Marehemu mama yangu aliwahi kunivuta pembeni akaniuliza mkwe wake ni wa dini gani, maana haelewi hizo dua zake za mezani.

Kwenye biashara hii mimi ni mtu wa kaunta. Nachagua fremu, nakaza skrubu, nawashauri wenye nyuso za duara waachane na miwani ya duara, na wananichukia kidogo kisha wananishukuru. Kupima macho na kuchonga lenzi ni kazi ya mume wangu, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Wateja wanamwita Mstari wa Mwisho. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza kukaa, huufuta ubao wa herufi kwa kitambaa, hurudi nyuma hadi kwenye mkanda mwekundu uliobandikwa sakafuni, hufunika jicho moja kwa kiganja na kusoma mstari wa chini kabisa, ule wenye herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kisha hufunika la pili na kurudia.

"Z, D, K, H, N, V, R."

Nami kutoka kaunta huitikia, "Sawa," huku nikihesabu chenji au nikitafuta bisibisi.

Mwanzoni alifanya hivyo ili kuhakikisha taa ya ubao inatosha. Baadaye ikawa ndiyo kengele ya kufungulia duka. Wateja walikuja mapema makusudi ili wamsikie, na walimpigia makofi. Mtu anayesoma mstari ule bila miwani, katika umri ule, ni tangazo zuri kuliko bango lolote, ingawa ukifikiri vizuri ni ajabu kwa muuza miwani kujitangaza kwa kutovaa miwani.

Tulifanikiwa. Nasema hivyo bila haya, maana ukiona vyaelea, vimeundwa, na katika kuunda mimi nilikuwepo. Kutoka barazani tulihamia kwenye kibanda, kutoka kwenye kibanda tukaingia kwenye chumba chenye mlango wa kioo, na sasa tuna vyumba vitatu na bango linalowaka mchana kutwa bila sababu. Mume wangu akawa mtu wa kualikwa. Vyuo vilimwita awaambie wanafunzi siri ya mafanikio, naye aliwaambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliyekaa safu ya mbele nilikuwa najua kwamba tangu mgongo uanze kumsumbua, vya mvunguni vyote naokota mimi.

Jirani yetu ni fundi viatu. Alikuwa nasi tangu barazani posta, meza yake ubavuni mwa yetu, na siku ya ndoa yetu ndiye aliyesimama upande wa mume wangu akimshikia koti. Sisi tulipopata chumba chenye mlango wa kioo, yeye alipata kile cha pembeni kisicho na mlango wowote, na tukaendelea kuwa majirani. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Chai ya saa nne walikunywa pamoja, na mizaha yao ilinifikia kaunta kupitia ukutani.

Kisha siku moja mume wangu akampita pale nje bila salamu. Kesho yake vilevile. Nilianza kuona chai ya saa nne ikipoa juu ya meza ya karakana yetu, na upande wa pili wa ukuta nyundo ikigonga bila mapumziko.

"Shemeji," fundi viatu aliniambia nilipompelekea kiatu changu, "mwambie bwana mkubwa salamu hazitozwi kodi."

Nilimwambia. Mume wangu akanijibu kwamba hakumwona.

"Hukumwona? Mtu mzima mwenye kitambi kile?"

"Nilikuwa na mawazo."

Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa na ushahidi wa kutosha. Hakuwa fundi viatu peke yake. Dada yangu alipitwa sokoni. Mchungaji alipitwa mlangoni mwa benki. Hata akizungumza na mtu ana kwa ana, mume wangu alikuwa ameanza kumtazama sikioni, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza maombi ya mkopo. Simu zake akaanza kunipa mimi nimsomee ujumbe, akidai herufi za simu za siku hizi ni za kijinga. Kazi ya kuweka alama kwenye lenzi alimwachia binti yetu, akasema kila mzee mwenye akili humwachia mtoto nafasi. Mimi niliyaweka yote hayo kwenye kapu moja nikalipa jina: kichwa kimemvimba. Maskini asiposalimia, watu huuliza kama anaumwa. Aliyefanikiwa asiposalimia, hakuna anayeuliza chochote, maana jibu wanalo tayari.

Binti yetu ndiye aliyeleta mashine. Alirudi kutoka masomoni na cheti chake cha kupima macho, akafanya kazi nasi kwa muda, kisha akaja na hoja: duka lazima lipate mashine ya kupiga picha ndani ya jicho. Baba yake alibisha kwa namna anayobisha siku zote, yaani alilipia kisha akalalamika. Ilipofika ikawekwa kwenye chumba cha nyuma. Ni kisanduku cheupe chenye mahali pa kuegemeza kidevu na tundu la kuchungulia. Nilikuwa wa kwanza kukaa.

"Mama, tazama taa ya kijani," binti alisema.

Niliiona hapo hapo, nukta ndogo ya kijani katikati ya giza. Mwanga ukapiga, na kwenye kioo cha kompyuta ikatokea picha ya ndani ya jicho langu, duara la rangi ya chungwa lenye mishipa. Sikusoma herufi yoyote, sikujibu swali lolote. Binti akaniambia niko salama na niache kusugua macho nikiwa na vumbi mikononi.

"Mashine isiyouliza kitu itajuaje kitu?" mume wangu alisema akiwa mlangoni.

"Ndio uzuri wake, baba. Haina haja ya kumwamini mtu. Kaa na wewe."

"Mimi? Kinyozi hajinyoi."

"Na akijinyoa hujikata," binti alimalizia. "Ndiyo maana nataka nikunyoe mimi."

Baba yake alicheka, akamgonga begani, akaenda mbele kwenye mkanda mwekundu na kusoma mstari wa chini kabisa kwa jicho la kulia, halafu la kushoto. Nilisema sawa. Ubishi ukaishia hapo, kama ulivyoishia kila mara binti alipourudisha.

Siku moja alinifuata kaunta mchana, saa ile ambayo watu hawaji.

"Mama, baba ananitazama sikioni."

"Hata mimi. Huo ndio ukubwa wenyewe."

"Si ukubwa, mama."

Akanieleza. Kuna ugonjwa unaokula katikati ya uoni na kuacha pembeni. Mtu anatembea vizuri, anakwepa viti, anaona ukuta na mlango, lakini kile anachokitazama moja kwa moja ndicho kinachofutika. Nyuso hutangulia kupotea. Wengine hujifunza kutazama kando bila kujua, ili kitu kiangukie kwenye sehemu ya jicho iliyobaki nzima. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Lakini ugonjwa ukiwa wa aina fulani, na ukiwahiwa, kuna sindano inayoweza kuuzuia pale ulipofika.

"Na ukichelewa?"

"Atabaki na pembeni tu. Hatasoma tena. Hatatuona sura. Kila wiki ina maana, mama."

Nilikalia kigoda cha wateja. Kisha nikakumbuka.

"Lakini mstari wa mwisho anausoma kila asubuhi. Macho yote mawili. Si unamsikia?"

"Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa," alisema, na mimi nikafurahi kwamba ameshindwa. Nilirudi upande wa mume wangu mara moja. Nilimwambia binti kwamba vyuo vinafundisha watu kuona magonjwa hata kwenye vivuli, akarudi kwenye lenzi zake.

Wakati huohuo chama cha watengeneza miwani kilimchagua mume wangu kuwa fundi wao wa mwaka. Wakamtuma mpiga picha aje kurekodi filamu fupi ya kuonyeshwa siku ya kukabidhi tuzo: fundi akiwa kazini, fundi akisema maneno mawili matatu kuhusu teknolojia, na zaidi ya yote fundi akisoma mstari wa mwisho. Mpiga picha alikuja siku moja kabla kuangalia mahali. Alikuwa bwana mchangamfu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Aliuchukia ubao wetu. Alisema umekuwa manjano kama meno ya mvutaji, na kioo chake kinarudisha mwanga kwenye kamera. Binti akasema kuna skrini ya herufi iliyokuja pamoja na mashine, bado iko kwenye boksi, anaweza kuitundika palepale.

"Inapanga herufi upya kila ikiwashwa, baba," alimwambia wakati wa kuifunga ukutani.

"Herufi ni herufi," alijibu baba yake, ambaye alikuwa anachagua tai.

Nimewahi kumuuliza binti kama alifanya makusudi. Alisema hapana, na nimeamua kumwamini.

Asubuhi ya kurekodi, mume wangu alivaa koti jeupe lililopigwa pasi na tai ya bluu. Mpiga picha aliweka taa zake, akamkalisha karibu na mashine ya kuchonga lenzi, akamuuliza teknolojia ina maana gani kwake. Mume wangu alijibu vizuri sana. Alisema mashine ni mtumishi mwema, ila haijawahi kujenga jina la mtu. Alisema yeye ametoka mbali kwa sababu ya vitu viwili, jicho na mkono, na hivyo haviuzwi dukani. Mpiga picha alitikisa kichwa kwa furaha. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa chumba cha kupimia, nimevaa miwani yangu ya kuonea mbali, na kusema kweli nilijisikia fahari. Hasira zote za salamu nilizisamehe kwa dakika ile.

"Sasa mzee, ule mstari wenyewe," alisema mpiga picha.

Mume wangu akaifuta skrini kwa kitambaa, akarudi nyuma mpaka kwenye mkanda mwekundu, akafunika jicho la kushoto.

"Z, D, K, H, N, V, R."

Sauti ilikuwa safi, haikusita hata kidogo. Nami nilikuwa nimekwisha fungua mdomo niseme sawa. Labda ni kwa sababu ya skrini mpya, au zile taa kali, au kwa sababu siku hiyo sikuwa na chenji ya kuhesabu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilitazama zile herufi mwenyewe. Mstari wa chini kabisa uliandikwa S, C, O, H, D, R, K.

Nilivua miwani, nikaifuta kwenye gauni, nikaivaa tena.

"Safi sana, mzee!" alisema mpiga picha. "Jicho la pili, tafadhali."

Mume wangu akafunika la kulia. "Z, D, K, H, N, V, R."

Binti alikuwa upande wa pili wa chumba, mgongo ameuegemeza ukutani. Alinitazama mimi, si baba yake. Machozi yalikuwa yamemjaa na mdomo ameuziba kwa mkono. Nilielewa kwamba hataweza kusema, na kwamba mtoto hatakiwi kuwa ndiye wa kusema. Mpiga picha alikuwa ameinamia kamera yake, anafurahia mwanga. Angeweza kuondoka na filamu yake, duka likafunguliwa, mteja wa kwanza akakaa, na kesho asubuhi nikasema sawa kutoka kaunta. Ningeweza kabisa. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anamkagua mume wangu. Huko ndiko tulikofika kwa jasho letu lote: mahali ambapo hakuna anayekuangalia tena kama umepatia.

Nilisema, "Twende mstari wa juu."

Mpiga picha aligeuka. "Mama, samahani, tunarekodi."

Mume wangu alitabasamu kuelekea sauti yangu. Alidhani namtania mbele ya wageni, kama anavyonitania kwenye chumvi. Kwa kunifurahisha akausoma mstari wa pili kutoka chini, upesi upesi, kama alivyowasikia wateja wakiusoma maelfu ya mara kwenye ubao wa zamani. Hata moja kati ya herufi alizozitaja haikuwa mahali pake.

Sauti yangu ilitaka kupasuka nikaizuia, kwa sababu hiyo ndiyo kanuni, sauti isibadilike.

"Twende mstari wa juu."

Tabasamu lilimtoka taratibu. Kiganja kilikuwa bado juu ya jicho la kulia.

"Bwana," alimwambia mpiga picha, "hebu zima hicho kitu."

Akaondoka kwenye mkanda, akaenda hadi kwenye skrini, akakaribia mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akainamisha kichwa upande wa kulia, kisha wa kushoto, kama anayetafuta ufa kwenye ukuta. Kidole chake kikafuata mstari wa chini.

"S," alisema. Baadaye sana akasema, "C. Au G." Kisha akashusha mkono. "Hizi si herufi zangu."

Alipita katikati yetu, akaingia chumba cha nyuma, tukamsikia akivuta kile kiti cha mashine. Binti akamfuata. Nami nikafuata, mpiga picha akabaki na taa zake akiuliza kama tunaendelea.

Mume wangu alikuwa ameegemeza kidevu tayari, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Binti alikaa upande wa pili, akarekebisha kimo.

"Tunaanza na la kushoto. Tazama taa ya kijani, baba."

"Ipi?"

"Hiyo ya katikati."

Kidevu hakikutikisika lakini jicho lilizunguka. Lilikwenda juu, likaenda pembeni, likarudi.

"Katikati hakuna kitu," alisema.

Binti hakusema umekosea. Alipumua, na kwa sauti ileile ambayo baba yake aliitumia kwa wateja tangu yeye hajazaliwa, akasema, "Sawa, baba. Twende jicho la pili."

Kwenye jicho la pili alitafuta kwa muda mrefu. Kisha akasema anaiona, ila inayumba, na ukingo wake mmoja umeliwa. Binti alibonyeza, mwanga ukapiga, na hapo ndipo alipolia waziwazi, maana kuona hata kwa kuyumba ni kuona.

Hospitali walithibitisha yote. La kushoto, katikati yake imekwenda na haitarudi. La kulia limewahiwa. Anachomwa sindano kila baada ya wiki kadhaa, kwenye jicho lenyewe, jambo ambalo mimi siwezi kulitazama na yeye hulisimulia wakati wa kula. Daktari anasema likibaki pale lilipo tushukuru.

Kwa muda fulani nilikuwa na swali moja tu, nikalikalia mpaka tukawa wawili.

"Zile herufi, uliziona kweli?"

"Niliziona," alisema. "Naapa niliziona. Zote zilikuwa pale, nyeusi, zimenyooka. Ningekuwa nabahatisha ningejua nabahatisha."

Nilimwamini. Anayedanganya husita mahali fulani, na yeye hakuwahi kusita. Alikuwa ameusoma ubao mmoja maisha yake yote, na macho yalipoanza kuchoka, kichwa kilishika kazi bila kumwambia. Na mimi niliyekuwa na macho mazima nilikuwa naitikia sawa bila kutazama. Linaniuma, na sitasema haliniumi.

Tuzo alipewa. Filamu waliyoonyesha ina jicho na mkono na mtumishi mwema, kipande cha kusoma herufi hakimo. Kombe lenyewe liko kaunta, naweka humo skrubu zilizookotwa. Kupima na kuchonga vyote amevishika binti. Mume wangu hukaa na wateja wanaosubiri, na kwa sababu haoni tena nyuso zao vizuri, anawasikiliza, na wengine hukaa naye hata baada ya miwani yao kuwa tayari.

Kengele ya duka haikufa. Kila asubuhi huifuta skrini, ambayo imepanga herufi zake inavyojua yenyewe, hurudi kwenye mkanda, hufunika jicho la kushoto. Husoma herufi kubwa ya juu. Husoma mstari wa pili, siku njema na wa tatu. Halafu husema, "Zilizobaki sizioni." Watu hawapigi makofi. Mimi siku hizi naacha kila nilichoshika, natazama skrini herufi moja moja, kisha ndipo nasema, "Sawa."

Ilikuwa baada ya moja ya asubuhi hizo ndipo alipochukua kikombe chake cha chai, akatoka nje, akashika ukuta hadi kwenye chumba kisicho na mlango. Nilimfuata kwa nyuma na kikombe cha pili, nikasimama kando. Ndani kulikuwa na mtu ameinamia kiatu. Nyundo ikanyamaza.

"Samahani," alisema mume wangu. "Nani yuko hapo? Macho yangu hayanionyeshi watu."

Fundi viatu alimtazama vizuri, kwanza kama anayesubiri mzaha umalizike. Kisha akaniona mimi, na uso wangu ukamweleza. Akaweka kiatu chini, akainuka kwa shida, akauchukua mkono wa mume wangu na kuuweka juu ya kitambi chake.

"Hiki unakijua," alisema.

Mume wangu alikipapasa. Nilidhani atacheka. Badala yake aliacha mkono palepale.

"Muda wote ule nakupita hapa nje. Kwa nini hukunishika shati ukaniuliza nina nini?"

Fundi viatu alijifuta mikono kwenye aproni, mmoja halafu mwingine, ingawa haikuwa michafu.

"Nilidhani umefanikiwa," alisema.